Mcheza Kwao Asipotunzwa

Wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Maneno haya ni matamu masikioni, na mara nyingi ni ya kweli. Mcheza ngoma hodari hutuzwa na watu wa kijiji chake kwa sababu sifa yake ni sifa yao. Lakini methali, msomaji mpenzi, aghalabu husema yapasayo kuwa, wala si kila mara yaliyopo. Je, mcheza kwao asipotunzwa afanye nini? Akae katika ufukara kwa kupenda kwao, au aondoke akauze nguvu zake kwa watu wanaojua thamani yake? Na akiondoka, waliobaki nyumbani wana haki ya kumwita msaliti? Maswali haya yamewasumbua watu wa mataifa mengi. Katika insha hii tuyatazame kwa mfano wa nchi moja ndogo ya Ulaya, yaani Wales, ambayo kwa muda wa miaka mia moja iliwaona vijana wake hodari katika mchezo wa raga wakifunga mizigo na kwenda kucheza kwa ujira katika miji ya kaskazini ya Uingereza.

Kwanza yafaa tuijue nchi yenyewe. Wales iko magharibi ya Uingereza, na nchi hizo mbili zi chini ya taji moja. Lakini Wales ina lugha yake, nyimbo zake na timu zake. Katika karne ya kumi na tisa mabonde ya kusini ya Wales yalijaa migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma, na bandari za Cardiff, Newport na Swansea zilijaa meli. Raga ulikuwa mchezo uliozaliwa katika shule za wenye mali wa Uingereza. Ulipofika katika mabonde hayo uliangukia mikononi mwa wachimba makaa, wafua chuma na makuli wa bandarini, nao waliupenda kuliko walivyoupenda wenyewe waliouleta. Chama cha Raga cha Wales kilianzishwa mwaka 1881. Tarehe 16 Desemba 1905 timu ya Wales iliishinda timu ya New Zealand mjini Cardiff kwa alama 3 kwa 0, na huo ndio mchezo pekee walioshindwa wageni hao katika safari yao ya Visiwa vya Uingereza. Tangu siku hiyo jezi nyekundu ya Wales imekuwa kama bendera. Kijana aliyeivaa aliheshimiwa na taifa zima.

Lakini heshima haipikwi ikaliwa. Wakuu wa mchezo walikuwa na sheria moja waliyoishika kama dini: mchezaji asilipwe hata senti. Walisema kuwa mchezo ni wa kuburudisha mwili na kuadibu roho, na kwamba fedha huuchafua. Sheria hiyo yapendeza ukiisoma. Ukiipima, waona kuwa sheria ile ile iliyokuwa nyepesi kwa tajiri ilikuwa mzigo kwa maskini. Mwana wa tajiri aliyecheza siku ya Jumamosi hakupoteza kitu. Mfanyakazi wa mgodini au kiwandani, ambaye Jumamosi kwake ilikuwa siku ya kazi, alikatwa ujira alipokwenda kucheza katika mji wa mbali. Na kama alivunjika mguu uwanjani, watoto wake walilala njaa.

Malalamiko yalianza katika majimbo ya Yorkshire na Lancashire, kaskazini ya Uingereza, ambako wachezaji wengi walikuwa wafanyakazi kama wale wa Wales. Mwaka 1893 watu wa Yorkshire waliomba kwamba mchezaji alipwe fidia ya ujira alioukosa kwa sababu ya mchezo. Mkutano uliofanyika London ulilikataa ombi hilo kwa kura 282 dhidi ya 136. Basi tarehe 29 Agosti 1895 wajumbe wa klabu za kaskazini walikutana katika Hoteli ya George mjini Huddersfield, wakajitenga na kuunda chama chao. Walianza kwa fidia ya shilingi 6 kwa siku. Mwaka 1898 waliruhusu malipo ya wazi, kwa sharti kwamba mchezaji awe na kazi nyingine. Mwaka 1906 walipunguza wachezaji wa kila timu kutoka 15 hadi 13 ili mchezo uwe wa kasi na uwavutie watazamaji waliolipa kiingilio. Hivyo raga ikawa michezo miwili: raga ya watu 15, iliyokataza malipo, na raga ya watu 13, iliyolipa.

Chama cha Wales kilibaki katika raga ya watu 15. Na wakuu wa raga hiyo, walipoona kuwa mlango wa kaskazini uko wazi, waliweka adhabu kali ili kuwatisha vijana. Mtu aliyepokea fedha za kaskazini, au hata aliyecheza mchezo mmoja tu wa majaribio huko, alifukuzwa maisha. Hakuruhusiwa kucheza tena raga ya watu 15, wala kuifundisha, wala kushika wadhifa wowote ndani yake. Katika klabu nyingi hata kuingia katika nyumba ya klabu ili kuzungumza na rafiki zake wa zamani ilikuwa mwiko. Kwa hiyo mawakala wa klabu za kaskazini walikuja Wales kwa siri kama wapelelezi, na kijana aliyekwenda kujaribiwa hakuandikwa jina lake katika orodha ya wachezaji, asije akajulikana kwao kabla hajapata mkataba.

Ndugu wawili wa Swansea, Evan na David James, walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuionja adhabu hiyo. Walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha shaba. Mwaka 1892, hata kabla ya klabu za kaskazini kujitenga, walikwenda kuichezea klabu ya Broughton Rangers karibu na Manchester, wakahukumiwa kuwa wamecheza kwa malipo. Mwaka 1896 walisamehewa, na mwaka 1899 waliichezea Wales ilipoishinda Uingereza kwa alama 26 kwa 3. Watu waliwashangilia sana. Lakini vifijo havikulipa kodi ya nyumba, na mwaka huo huo ndugu hao walirudi kaskazini.

Sasa linganisha jambo hilo na hili. Mwaka 1896 watu wa Wales walianza kumchangia fedha nahodha wao mpendwa, Arthur Gould, na mwaka 1897 wakamzawadia nyumba katika mji wa Newport. Vyama vya nchi nyingine vilinung'unika kwamba nyumba ni malipo. Chama cha Wales kilimtetea Gould hata kikajitoa katika baraza la mataifa la mchezo huo, na mwaka 1898 kikarudi. Shauri likaisha, na Gould hakufukuzwa. Baadaye ikawa desturi katika klabu nyingi mchezaji kukuta noti zimetiwa ndani ya viatu vyake baada ya mchezo, na wakuu wakafumba macho. Waonaje, msomaji? Fedha iliyotolewa kwa siri haikuwa dhambi. Fedha iliyopokewa waziwazi kwa mkataba ilikuwa dhambi isiyosameheka. Hapo ndipo tunapojua kuwa kilichoadhibiwa hakikuwa fedha. Kilichoadhibiwa ni kuondoka.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza dhiki iliikumba Wales. Makaa yake yalikosa wanunuzi, na migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Kufika mwaka 1932 zaidi ya theluthi ya wafanyakazi wa Wales hawakuwa na kazi, na katika miji kama Merthyr Tydfil hali ilikuwa mbaya zaidi. Watu kwa maelfu walihama kwenda kutafuta riziki Uingereza. Wachezaji wa raga walikuwa sehemu ya msafara huo. Tofauti yao na majirani zao ni kwamba wao walikuwa na kitu cha kuuza zaidi ya mikono yao. Klabu ya kaskazini ilimpa kijana fedha za mkataba kwa mkupuo, ikamlipa kwa kila mchezo, na mara nyingi ikamtafutia na kazi. Kwa kijana ambaye baba yake alikaa bure miaka mitatu, hili halikuwa jambo la kufikiri mara mbili.

Mmoja wao alikuwa Jim Sullivan wa Cardiff. Mwaka 1921, akiwa hajatimiza miaka 18, alitia sahihi mkataba na klabu ya Wigan kwa pauni 750, fedha nyingi mno katika siku hizo. Alikaa Wigan robo karne, akaichezea mara 774, na akaiongoza timu ya taifa la Uingereza ya raga ya watu 13 katika safari ya Australia na New Zealand mwaka 1932. Mwingine alikuwa Gus Risman, mwana wa wahamiaji waliotoka Latvia, aliyekulia Cardiff. Alijiunga na Salford mwaka 1929, na mwaka 1952, akiwa na umri wa miaka 41, aliiongoza klabu ya Workington Town kutwaa Kombe. Jezi nyekundu ya Wales katika raga ya watu 15 ilikuwa haramu kwao.

Nasema ilikuwa haramu. Lakini vita huvunja haramu nyingi. Katika Vita Vikuu vya Pili askari wa Uingereza walihitaji michezo ya kuchangamsha mioyo, na wachezaji wa pande zote mbili walikuwa wamevaa sare moja ya kijeshi. Marufuku ikalegezwa kwa walio jeshini. Risman, mtu aliyefukuzwa maisha, akaichezea Wales katika michezo ya majeshi. Mwaka 1943 na tena mwaka 1944 wachezaji wa raga ya watu 13 walikutana na wenzao wa raga ya watu 15, kwa sheria za watu 15, na mara zote mbili wale waliolipwa wakashinda. Hakuna uwanja uliodidimia wala roho ya mchezaji iliyochafuka. Hata hivyo, vita vilipokwisha mlango ulifungwa tena kama zamani. Nchi ilipowahitaji iliwaita wana. Haja ilipokwisha waliitwa tena wageni.

Kwa baadhi ya wachezaji, umaskini haukuwa sababu ya pekee. Cardiff ni bandari, na katika mtaa wake wa Tiger Bay waliishi mabaharia wa Kiafrika, Kiarabu, Kisomali na wa visiwa vya Karibi pamoja na wake zao na watoto wao. Billy Boston alizaliwa katika mtaa huo mwaka 1934. Baba yake alikuwa baharia wa Sierra Leone. Tamaa yake tangu utotoni ilikuwa kuichezea klabu ya Cardiff na kisha Wales. Lakini alitazama akaona kuwa vijana weusi wa mtaa wake, hata wawe hodari namna gani, hawakuchaguliwa. Mwaka 1953, alipokuwa bado askari, wakuu wa Wigan walifika nyumbani kwao. Boston mwenyewe amesimulia kuwa mama yake, akitaka wageni waondoke, alitaja bei aliyodhani itawashinda: pauni 3,000. Wageni wakakubali papo hapo. Kijana aliyetumaini kubaki kwao akajikuta ameondoka.

Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 19 na baada ya kuichezea Wigan michezo michache tu, alichaguliwa kwenda Australia na New Zealand na timu ya taifa la Uingereza, akafunga trai 36 katika safari hiyo. Trai ni kuugusisha mpira ardhini nyuma ya mstari wa wapinzani, nalo ndilo tendo kuu katika raga. Katika maisha yake ya mchezo alifunga trai 571. Kaskazini hakukuwa pepo isiyo na ila: mwaka 1957 timu ya Uingereza ilipotoka Australia ilikwenda kucheza michezo ya maonyesho Afrika Kusini, nchi iliyotawaliwa kwa ubaguzi wa rangi, na Boston hakuwamo. Lakini katika mji wa Wigan alipendwa kama mwana wa mji. Naye Clive Sullivan, kijana mweusi mwingine wa Cardiff, alikwenda Hull mwaka 1961, na mwaka 1972 akawa nahodha mweusi wa kwanza wa timu ya taifa la Uingereza katika mchezo wowote. Mwaka huo huo timu yake ilitwaa Kombe la Dunia mjini Lyon, Ufaransa, na leo barabara kuu ya kuingia Hull yaitwa kwa jina lake. Timu ya Wales ya raga ya watu 15 haikumchagua mchezaji mweusi hata miaka ya 1980.

Mto huo haukukauka. Mwaka 1952 Lewis Jones alikwenda Leeds kwa pauni 6,000. Mwaka 1967 David Watkins, aliyekuwa nahodha wa Wales, alikwenda Salford. Mnamo Desemba 1988 Wales ilishindwa na Romania mjini Cardiff kwa alama 15 kwa 9, na mwezi uliofuata Jonathan Davies, nahodha wa siku hiyo, alikwenda Widnes. Wengine wakamfuata, na taifa likalia kwamba laibiwa watoto. Lakini mwizi huingia nyumba isiyolindwa. Kwa miaka tisini na zaidi Wales ilikuwa ikiwalinda watoto wake kwa vitisho, wala si kwa matunzo.

Hatimaye, mwishoni mwa Agosti 1995, baraza la mataifa la raga ya watu 15 lilikutana Paris likatangaza kuwa tangu hapo mchezaji yu huru kulipwa. Zilisalia siku chache tu kutimia miaka mia moja tangu mkutano wa Huddersfield. Davies alirudi Cardiff mwaka huo huo, akapokewa kwa furaha. Adhabu ya maisha ikafa kifo cha siku moja. Waliokwisha kuzeeka nje hawakurudishiwa ujana wao. Mwaka 2023 sanamu ya Boston, Risman na Clive Sullivan ilisimamishwa katika ghuba ya Cardiff. Kati ya hao watatu, Boston peke yake alikuwa hai. Mwaka 2025 alipewa na Mfalme cheo cha kuitwa Sir, akawa mchezaji wa kwanza wa raga ya watu 13 kupata heshima hiyo.

Waweza kudhani kuwa malipo yalipohalalishwa jambo likaisha. La, lilipanuka. Tangu mwaka 1995 wachezaji wa Fiji, Samoa na Tonga, visiwa vidogo vya Bahari ya Pasifiki, huvuka nusu ya dunia kwenda kuchezea klabu za Ufaransa, Uingereza na Japani. Fedha wanazopeleka nyumbani hulipa karo na kujenga nyumba. Lakini timu za nchi zao hupata taabu kuwakusanya. Nchi zimejaribu dawa mbalimbali. New Zealand huchagua kwa kawaida wale tu wanaocheza nyumbani. Wales mwaka 2017 iliweka sharti kwamba aliye nje asichaguliwe ila awe ameichezea nchi mara 60. Mwaka 2023 ikalegeza hadi mara 25. Afrika Kusini ilifuata njia nyingine, ikawaita wachezaji wake popote walipo. Cheslin Kolbe aliondoka mwaka 2017 kwenda Toulouse, Ufaransa, akiwa bado hajaichezea timu kuu ya nchi yake. Aliitwa mwaka 2018, na mwaka 2019 akafunga trai katika fainali ya Kombe la Dunia ambalo Afrika Kusini ilitwaa. Mwaka 2023 ikalitwaa tena. Fiji nayo ilipata timu yake, Fijian Drua, iliyoingia mwaka 2022 katika mashindano makubwa ya klabu za kusini ili vijana walipwe wakiwa karibu na kwao. Na mwaka 2023 Fiji iliishinda Australia katika Kombe la Dunia kwa alama 22 kwa 15, jambo ambalo haikulifanya tangu mwaka 1954.

Sisi wa Kenya hatuko mbali na mambo haya. Mwaka 2003 mkimbiaji wetu Stephen Cherono alichukua uraia wa Qatar, akaitwa Saif Saaeed Shaheen, na mwezi Agosti akashinda mbio za kuruka viunzi na maji za mita 3,000 mjini Paris, akimtangulia Ezekiel Kemboi wa Kenya. Mwaka 2004 Kenya haikukubali ashiriki Michezo ya Olimpiki ya Athens akiwa na jezi ya Qatar kabla ya muda wa kungoja kwisha, na Kemboi akatwaa dhahabu. Wapo waliosema kuwa Kenya ilitenda haki, na wapo waliosema kuwa ililipiza kisasi. Wewe utaamua mwenyewe. Lakini usiamue kabla hujauliza alichopewa hapa na alichopewa kule.

Mimi naona hivi. Mtu kupenda kwao ni wema, na anayesahau kwao amepungukiwa. Lakini mapenzi ya nchi si deni la upande mmoja. Nchi inayodai jasho la mchezaji, mwalimu, daktari au muuguzi yapaswa kujiuliza nayo imemtunza vipi. Ikiwa haina uwezo wa kumtunza, basi imwage kwa heri, wala isifunge mlango nyuma yake. Maana mlango uliofungwa kwa hasira haukumzuia hata mmoja wa wale waliokwenda kaskazini. Uliwazuia tu kurudi. Wales ilihitaji miaka mia moja kulijua jambo hili. Wewe, msomaji kijana, ambaye kesho utakuwa mchezaji, au kiongozi wa chama, au jirani wa mtu aliyeondoka, huna haja ya kungoja muda mrefu hivyo.